Makanika anahitaji Kimombo cha spana, si cha insha

Chomeka mashine ya kupima kompyuta ya gari chini ya usukani wa Probox iliyoanza kukohoa. Sekunde chache baadaye skrini inakupa jibu: P0171. Chini yake kuna maneno ya Kiingereza, "System Too Lean, Bank 1".

Sasa fungua kamusi ya kawaida, ile ya shule. "Lean" ni kuegemea, au kukonda. "Bank" ni benki, au ukingo wa mto. Kwa hivyo gari linakuambia kwamba mfumo wake umeegemea sana kwenye benki ya kwanza. Cheka tu, lakini kuna mwanafunzi wa ufundi wa magari aliyekodolea macho skrini kama hiyo na hajui aanzie wapi.

Maana yenyewe ni rahisi. Mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa, au petroli kidogo, upande ule ulio na silinda nambari moja. Huenda paipu ya hewa imepasuka. Huenda chujio la petroli limeziba au pampu imechoka. Aliyeelewa sentensi hiyo ataanza kwa kutafuta mahali hewa inapopenyea. Asiyeielewa atanunua sensa mpya ya oksijeni kwa kubahatisha, mteja atalipa, na kesho taa ya injini itawaka tena.

Msimamo wetu leo ni huu: vijana wanaosomea ufundi wa magari hawakosi akili ya gari. Wanachokosa ni Kiingereza kidogo sana, cha aina moja, ambacho tunaamini kinaweza kufundishwa wakiwa wameshika spana mkononi. Badala yake tunawapa Kiingereza kingi cha aina nyingine, halafu tunashangaa wanapokwama.

Kutoka Illasit hadi Kitengela

Chukua mfano wa kaunti ya Kajiado. Kusini, chini ya Mlima Kilimanjaro, kuna Illasit, mji mdogo wa mpakani. Ukivuka tu, uko Tarakea, Rombo, upande wa Tanzania. Magari ya huko hayapumziki: lori za nyanya na vitunguu, Probox za abiria, bodaboda zisizohesabika. Kaskazini mwa kaunti kuna Kitengela, mji uliofura kando ya barabara ya Namanga, ambako kijana wa ufundi hafanyi kazi ya kutafuta gereji, gereji zimejaa. Katikati kuna mji wa Kajiado wenyewe, ulio na chuo cha Masai Technical Training Institute.

Kijana anayetoka Illasit kwenda kusomea magari mara nyingi huongea Kimaa nyumbani, Kiswahili sokoni na gereji, kisha Sheng anaiokota akifika Kitengela. Kiingereza hukutana nacho darasani na karibu hakuna mahali pengine. Na mwongozo wa gari haukuandikwa kwa Kimaa, Kiswahili wala Sheng.

Angalia pia jinsi anavyoingia chuoni. Kwa kawaida, kozi ya cheti cha ufundi huwachukua waliopata D katika KCSE, stashahada huanzia C-, na ngazi ya chini kabisa hupokea hata aliyepata E. Hakuna aibu hapo. Vyuo hivi vipo ili kumpa nafasi mtu ambaye karatasi za shule hazikumpendelea. Lakini mara tu anapofika, huyo huyo ambaye mara nyingi Kiingereza cha shule kilimtoa jasho anapewa vitabu vilivyoandikiwa wahandisi, na maswali ya mtihani yenye sentensi ndefu kama treni ya mizigo.

Kuna somo la mawasiliano, ndiyo. Lilikuwepo katika mitaala ya KNEC na limo katika ile mipya ya TVET CDACC kama mojawapo ya stadi za msingi. Wazo ni zuri. Shida huja pale wanafunzi wa magari, upishi na ususi wanapowekwa chumba kimoja kufundishwa kumbukumbu za mkutano na barua ya kuomba kazi. Barua ya kazi ina siku yake. Ila leo asubuhi kuna gari limeinuliwa kwa jeki, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Maneno ambayo tayari unayajua

Tuanze na habari njema. Makanika wa Kiswahili anajua Kiingereza cha gari kuliko anavyodhani. Neno gari lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi. Usukani ni neno la asili ya Kiarabu lililokuwa baharini, kwenye vyombo, kabla halijaingia barabarani. Baada ya hapo, karibu kila kitu kimetoka kwa Waingereza: tairi, breki, klachi, gia, injini, plagi, radieta, kabureta, pistoni, gasketi, beringi, boneti, bolti, nati, spana, jeki. Mtu anayeyatamka maneno haya kila siku hahitaji kuyajifunza upya. Anahitaji kuyaona yameandikwa, ajue herufi zake, basi.

Ni kazi ya alasiri chache. Mkufunzi anafungua boneti, anagusa kitu, darasa linakitaja kwa lugha ya gereji, kisha anaandika ubaoni jinsi kinavyoandikwa kwenye mwongozo. Wanafunzi watagundua kwamba "gasket" ni gasketi yao na "bearing" ni beringi yao. Hofu inapungua hapo hapo.

Kuna mitego midogo ya kujihadhari nayo. Shokapu haitapatikana kwenye faharasa ya kitabu. Tafuta "shock absorber". Difu iko chini ya "differential". Halafu kuna Waingereza na Wamarekani. Sisi tulirithi maneno ya Uingereza, lakini video nyingi za YouTube zimerekodiwa Marekani. Boneti huko wanaiita "hood", buti ni "trunk", spana ni "wrench", gia boksi ni "transmission", kioo cha mbele ni "windshield", na petroli ni "gas". Kijana aliyeambiwa aangalie "gas" akaanza kutafuta mtungi wa gesi hana kosa. Kosa ni la ambaye hakumwambia mapema.

Maneno yanayodanganya

Kundi la pili ni la maneno ya Kiingereza ambayo kamusi ya kawaida inayapa maana ya nyumbani, wakati gereji inayapa maana nyingine kabisa. "Nut" ni njugu. "Horn" ni pembe. "Bush" ni kichaka. "Idle" ni mvivu. "Stroke" ni kiharusi, kwa hivyo "four-stroke engine" ingekuwa injini iliyopata kiharusi mara nne. "Bleed" ni kutoka damu, ilhali mwongozo ukisema "bleed the brakes" unataka utoe upepo kwenye mabomba ya breki. Na "flat battery" si betri iliyo bapa, imekufa tu.

Orodha hii haizidi maneno mia moja hivi ukiikusanya kwa makini. Ukiibandika kwenye ukuta wa karakana, kila mwanafunzi ataisoma akisubiri zamu yake.

Kundi la tatu ndilo la hatari, kwa sababu hapo Kiswahili chetu wenyewe ndicho kinachotuchanganya. Tuchukue neno mafuta. Petroli ni mafuta. Dizeli ni mafuta. Oili ya injini ni mafuta. Hata ya kukaangia chipsi ni mafuta. Kiingereza kinazitenga: kinachochomwa ni "fuel", cha kulainisha ni "oil". Sasa mwambie mwanafunzi abadilishe chujio la mafuta. Lipi? Taa ya presha ya mafuta inapowaka, ni presha gani imeshuka? Ikiwa ni ya oili, zima injini sasa hivi kabla haijanata. Ikiwa ni ya petroli, hilo ni tatizo la aina nyingine kabisa. Gereji imejitengenezea njia yake, inasema oili kwa moja na mafuta kwa nyingine. Darasa lingefanya vyema kuifuata.

Au neno plagi. Kwetu plagi ni ile inayotoa cheche, na pia ile ya kuchomeka kwenye umeme. Kwenye mwongozo, "plug" moja ni kizibo cha chini cha kumwagia oili. Nyingine hupasha joto silinda za injini ya dizeli. Nyingine tena, kwenye magari ya haibridi, ndiyo ile unayoitoa ili kukata umeme mkubwa wa betri kabla hujagusa chochote. Tofauti ya hizi inabebwa na neno dogo lililotangulia: "drain plug", "glow plug", "service plug". Anayeruka neno hilo dogo anaweza kumwaga oili bila kutaka, au anaweza kuumia.

Na vitenzi je? Kurekebisha kwetu kunabeba mzigo mkubwa mno. Kitabu cha Kiingereza kina "adjust", yaani kuweka sawa bila kufungua. "Repair", kutengeneza kilichoharibika. "Replace", kutoa cha zamani na kuweka kipya. Na "refit", kurudisha kile kile ulichokitoa. Vitendo vinne, bei nne tofauti kwa mteja. Mwanafunzi aliyezisoma zote kama kurekebisha atafungua kitu ambacho kilihitaji kuzungushwa robo tu.

Kwa hivyo tukiulizwa waanze na nini, jibu letu ni vitenzi. Kuna kama hamsini hivi vinavyofanya kazi yote ya mwongozo: kaza, legeza, toa, rudisha, pima, kagua, safisha, paka, jaza, mwaga, tenganisha, unganisha na wenzake. Mtu anayevijua hivyo hamsini barabara, pamoja na majina ya vipuri ambayo tayari anayo kinywani, anaweza kufuata kurasa nyingi za maelekezo.

Sarufi ya kutosha ni hii

Sarufi inawatisha wengi kwa sababu wanakumbuka mazoezi ya shule. Kwa makanika, mambo matatu yanatosha kuanzia.

La kwanza ni msururu wa majina. Kiingereza cha ufundi hupenda kupanga majina kama mabehewa: "engine coolant temperature sensor connector". Mwanafunzi anasoma neno la kwanza, "engine", na macho yanakwenda kwenye injini. Lakini kichwa cha msururu kiko mwisho. Hapa kinachozungumziwa ni kiunganishi. Kiunganishi cha nini? Cha sensa. Sensa ya nini? Ya joto. Joto la nini? La maji ya kupozea injini. Kiswahili kinaanza na kichwa na kushuka. Kiingereza kinaanza mkiani na kupanda. Sheria ni moja: soma kutoka nyuma, ukitia "ya, wa, cha, la" kati ya maneno. Jaribu mwenyewe na "front brake caliper mounting bolt". Anza na bolti, rudi nyuma neno moja moja, na utafika: bolti ya kufungia kalipa ya breki ya mbele. Hii ni kanuni ambayo Mwingereza mwenyewe hawezi kukueleza, maana yeye hajawahi kuihitaji. Anayeweza kuieleza ni mkufunzi anayejua Kiswahili.

La pili ni maneno madogo ya amri na kiasi. "Must" ni lazima. "Should" ni inafaa. "May" ina nyuso mbili: "the old bolts may be reused" inakupa ruhusa ya kurudisha bolti za zamani, lakini "the cap may be hot" inakuonya kwamba huenda kifuniko kina moto. "Unless" ni isipokuwa. Inageuza sentensi nzima. "At least" ni si chini ya.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Miongozo ya Toyota inasema kwamba ukitaka kugusa mfumo wa eabegi, uzime gari, utoe waya wa betri wa upande hasi, kisha usubiri sekunde 90 au zaidi ndipo uanze. Sababu ni kwamba mfumo huhifadhi umeme wa akiba, na eabegi inaweza kulipuka hata betri ikiwa imetolewa. Anayesoma "at least 90 seconds" kama "kama sekunde 90 hivi" anaweza kuinua mikono baada ya sekunde 60. Kosa hilo la sarufi halikatwi alama kwa kalamu nyekundu. Linakupiga usoni.

La tatu ni kauli ya kutendwa. Vitabu vinasema "the gasket must be replaced whenever the cover is removed". Mwanafunzi anaogopa "be replaced" na "is removed", ilhali kitu hicho anacho tangu utotoni: ibadilishwe, kinapotolewa. Ni ile -w- yetu. Lazima gasketi ibadilishwe kila kifuniko kinapotolewa. Mwalimu akiionyesha mara mbili, imeingia.

Hata watengenezaji walipunguza Kiingereza

Kuna watakaosema tunataka kuwapa vijana wa Kajiado Kiingereza cha kuchovya. Wasome historia ya viwanda.

Kampuni ya Marekani ya Caterpillar, ile ya matingatinga, iliuza mashine kila pembe ya dunia na ikaona mafundi wengi hawaelewi vitabu vyake. Katika miaka ya 1970 ilitunga Kiingereza kidogo chenye maneno yasiyofika elfu moja, kikaitwa Caterpillar Fundamental English, ili fundi wa nchi yoyote afundishwe kukisoma kwa muda mfupi. Baadaye mpango huo uliachwa, lakini wazo halikufa.

Watengenezaji wa ndege wa Ulaya walilichukua. Mwongozo wao wa Kiingereza rahisi ulitoka mwaka 1986, na leo unajulikana kama ASD-STE100. Una maneno ya jumla yapatayo 900 tu yanayoruhusiwa, mbali na majina ya vipuri. Neno moja, maana moja. "Close" ni kufunga. Ukitaka kusema karibu, tumia "near". "Oil" ni jina la kitu. Ukitaka kusema kupaka oili, tumia "lubricate". Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Hayo yote ni kwa ajili ya ndege, ambako kosa moja linaua mamia ya watu.

Ikiwa fundi wa ndege anaandikiwa sentensi ya maneno 20, kwa nini mwanafunzi wa kurekebisha Canter aulizwe swali la maneno 50?

"Lakini mjomba hakusoma"

Kila mtaa una mzee wa jua kali ambaye anasikia injini ikinguruma akakuambia silinda gani ina shida. Hakusoma mwongozo wowote. Tunamheshimu, na vijana wengi wamepata mkate mikononi mwake. Lakini magari yamebadilika. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na mengi hutoka Japani. Maana yake ni kwamba teknolojia iliyokuwa mpya Tokyo juzi iko Kitengela leo. Haibridi kama Toyota Aqua ina kebo za rangi ya machungwa zinazobeba umeme wa zaidi ya volti 100. Mzee hana sikio la kusikia hizo. Onyo lake limeandikwa. Mara nyingine limeandikwa kwa Kijapani, na njia pekee ya kulipata kwa lugha tunayoweza kusoma ni mwongozo wa Kiingereza.

Wengine wanakuja na hoja ya upande wa pili: tuachane na Kiingereza, tufundishe magari kwa Kiswahili. Wanatuonyesha ng'ambo ya Illasit. Kijana wa Tarakea amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakati wa Illasit, kwa mujibu wa sera, anabadilishiwa kuwa Kiingereza kuanzia darasa la nne. Wawili hao wakikutana kwenye Noah iliyozimika karibu na mpaka, wanaongea Kiswahili kile kile na wanaelewana bila mkalimani. Hoja hiyo ina nguvu, na hatuikatai. Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kamusi kamili ya gari ingetufaa pande zote mbili za mpaka.

Lakini hata kamusi hiyo ikitoka kesho, ile skrini ya P0171 haitabadilika. Kijana wa Tarakea atakutana nayo kama wa Illasit. Kwa hivyo Kiswahili kiwe daraja la kufikia Kiingereza cha kazi. Kukitupa Kiswahili darasani ni kubomoa daraja ukiwa bado upande huu wa mto.

Tunachotaka

Vyuo kwanza. Somo la mawasiliano la wanafunzi wa magari lihamie karakana angalau nusu ya muda wake. Mwalimu wa lugha na mkufunzi wa magari wasimame pamoja mbele ya injini. Kitabu cha kusoma kiwe mwongozo halisi wa gari ambalo wanafunzi wanalifungua wiki hiyo. Insha iwe kadi ya kazi: gari lililalamikiwa nini, limepimwa nini, limekutwa na nini, limefanyiwa nini. Sentensi nne fupi. Mwajiri yeyote wa Mombasa Road atakuambia afadhali hizo nne kuliko kurasa tatu za "Siku Ambayo Sitaisahau". Vyuo vya chini vya mafunzo ya ufundi viko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa Katiba, kwa hivyo Kajiado haina haja ya kungoja Nairobi ili ianze.

Pili, watunga mitihani. Maswali yaandikwe kwa sentensi fupi, vitenzi vya mwongozo na picha. Mtaala mpya wa umahiri unaruhusu kupima kwa vitendo na kwa maswali ya mdomo. Pale mtahiniwa anapoulizwa kwa mdomo, aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Lengo ni kujua kama anaweza kutoa upepo kwenye breki. Na kwa kuwa serikali ilizindua mwaka 2024 sera ya kutambua ujuzi ambao watu waliupata kazini bila kupitia darasani, itakuwa kichekesho ikiwa fundi wa miaka 20 atanyimwa cheti kwa sababu ya neno "hereinafter".

Tatu, wewe mwenyewe, kijana mwenzetu uliye chuoni au unayeshika spana kando ya barabara. Usingoje mtu. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni mwa ovaroli. Kila ukurasa upige mistari minne: neno kama lilivyo kwenye mwongozo, neno la gereji, maana yake kwa Kiswahili cha kawaida, na mchoro au mahali lilipo kwenye gari. Maneno matano kwa siku, vitenzi vikitangulia. Ukipata msururu mrefu wa majina, uandike kwa kuusoma kutoka nyuma. Ukipata nambari ya hitilafu, nakili sentensi yake na uandike chini yake kilichopatikana hatimaye kuwa kibovu. Kwa gari dogo la Toyota, andika kwamba nati za gurudumu mara nyingi hukazwa kwa 103 Nm, na ujue Nm inapima nini. Daftari likichafuka oili, hiyo ni dalili njema.

Usione haya kuuliza maana ya neno mbele ya wenzako. Atakayecheka naye huenda anafikiri "bush" ni kichaka.

Kijana wa Illasit amelipiwa karo kwa ng'ombe aliyeuzwa au kwa nyanya zilizovunwa. Mzazi wake hakuuza mali ile ili mtoto akarudi nyumbani na alama ya kufeli katika jambo ambalo mikono yake inalijua. Vyuo vya Kajiado vinafungua muhula mwingine hivi karibuni. Tunataka kuona somo moja la mawasiliano, hata moja tu, likifundishwa chini ya boneti iliyofunguliwa.